Sekenke kwa Pikipiki: Kweli au Si Kweli?

Kijiwe chochote cha bodaboda Singida mjini hakikosi mtu wa kukusimulia Sekenke. Ni mteremko wa barabara kuu wilayani Iramba, mahali ambapo uwanda wa juu wa Singida unakatika na barabara inashuka kwa kona hadi Shelui na mbuga ya Wembere. Marafiki wanaopanga safari ya pikipiki kuelekea Igunga, Nzega na hata Mwanza hupewa ushauri wa bure kabla hawajawasha. Upo unaosaidia, na upo unaoua. Tuupitie mmoja mmoja.

1. "Ukifika Sekenke umefika mpakani."

SI KWELI. Mteremko wote uko mkoani Singida. Hata Shelui, mji mdogo ulio chini ya mlima, bado ni Iramba. Mpaka na Tabora uko mbele, huko mbugani, ndipo uingie Igunga. Watu huchanganya kwa sababu ardhi yenyewe hubadilika: nyuma umeacha mawe makubwa na mashamba ya alizeti, mbele ni tambarare ya udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha. Anayetafuta mpaka wa nchi bado ana safari ndefu. Njia hii hupita Nzega na Kahama kabla ya kufika Rusumo kwa upande wa Rwanda, na Kabanga kwa upande wa Burundi. Msafiri wa pikipiki alijue hilo mapema, kwa kuwa malori yenye shehena za nchi hizo, pamoja na za Kongo, ndiyo atakayokutana nayo kwenye kona za Sekenke.

2. "Mlimani pikipiki ndogo hukosa pumzi."

KWELI, ila Sekenke inasingiziwa. Kadiri unavyopanda juu hewa huwa nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Lakini Singida mjini penyewe ni takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Pikipiki iliyotoka Dar es Salaam imeshapungukiwa nguvu kabla ya kuiona Sekenke, na ikiteremka Wembere hurudishiwa kiasi. Kwenye njia ya Sani, inayopanda milimani kutoka Afrika Kusini kuingia Lesotho, kilele cha barabara kinapita mita 2,800. Huko kweli kabureta huhangaika. Pikipiki ya cc 125 ikishindwa kuipanda Sekenke, kagua kwanza mzigo ulioufunga, klachi iliyochoka, cheni iliyolegea na kichujio cha hewa kilichojaa vumbi.

3. "Mteremkoni toa gia, uokoe mafuta."

SI KWELI. Vijiwe vikikataa mengine yote niliyoandika hapa, naomba vikubali hili. Pikipiki ikiwa ndani ya gia nawe umeachia mafuta, injini yenyewe huizuia isikimbie. Ukitoa gia, au ukishikilia klachi mteremko mzima, uzito wa pikipiki, wako, wa abiria na wa mizigo unaziangukia breki peke yake. Pikipiki nyingi tunazotumia zina breki ya ngoma nyuma. Ngoma ikibanwa mfululizo hupata moto, na ikishapata moto breki shuu hazishiki tena. Unakanyaga, pikipiki inaendelea kwenda.

Nililiona hilo Shelui. Rafiki yetu aliyeteremka bila gia alisimama mbali na pale alipokusudia, kanyagio la breki limezama hadi chini, harufu ya kuungua imemzunguka. Tone la maji lililomponyoka kwenye chupa liliangukia ngoma ya nyuma, likachemka na kukauka papo hapo. Alikaa pembeni ya barabara muda mrefu bila kusema neno, na hakuna aliyemcheka.

Kanuni ni nyepesi kukumbuka: gia ambayo ungepandia mlima ndiyo uteremkie. Ingia gia ndogo ukiwa bado juu, kabla mteremko haujakuchukua. Breki ishike, iachie ipoe, ishike tena. Kuhusu mafuta, injini iliyotolewa gia huendelea kunywa vilevile. Akiba yake ni matone, na haifai kuuzwa kwa uhai wa mtu.

4. "Usiguse breki ya mbele, itakubinua."

SI KWELI. Ukifunga breki, uzito huhamia gurudumu la mbele, na mteremkoni huhamia zaidi. Gurudumu la nyuma hubaki jepesi na kuteleza kirahisi. Kwa hiyo anayetegemea mguu pekee ameitupa breki yake yenye nguvu kuliko zote. Kinachobinua watu ni kuikaba ghafla, au kuishika wakati pikipiki imelala ndani ya kona, au juu ya mchanga. Ibane taratibu kwa vidole, sambamba na ile ya mguu, pikipiki ikiwa imenyooka na kona ikiwa bado mbele. Kijana asiyeizoea aifanyie mazoezi kwenye uwanja mtupu wiki kadhaa kabla ya safari. Sekenke si mahali pa kujifunzia.

5. "Tangu iwekwe lami, Sekenke haina tena hatari."

SI KWELI. Lami ya miaka ya 2000 iliondoa vumbi na mashimo. Mteremko na kona vimebaki, na mwendo umeongezeka. Lori lenye shehena hutambaa hapo likiwa gia ndogo kwa sababu ileile inayokuhusu wewe: dereva wake analinda breki. Kaa mbali naye. Kama huvioni vioo vyake vya pembeni, naye hakuoni. Usilipite kwenye kona kwa kuwa tu linakwenda polepole. Anayepandisha kutoka Shelui humwoni hadi mmekutana uso kwa uso.

6. "Upepo wa Singida humsukuma mwendeshaji."

KWELI. Singida ni mkoa wa upepo, kiasi kwamba kwa miaka mingi umelengwa kwa miradi ya kuzalisha umeme wa upepo. Panapokuwa wazi, upepo wa ubavuni huihamisha pikipiki nyepesi, na lori linapokupita huukata upepo ghafla kisha kukuachia ukiwa umeegemea upande. Punguza mwendo, legeza mabega, bana tangi kwa magoti. Usifunge mizigo mirefu juu ya kiti.

7. "Mwenye kasi atangulie, wengine watafuata."

SI KWELI. Hivyo ndivyo marafiki wanavyopotezana, na ndivyo mgeni anavyojikuta anaingia kona kwa mwendo usio wake kwa kuogopa kuachwa. Atangulie mzoefu mwenye subira, mgeni awe wa pili, mzoefu mwingine afunge msafara. Kwenye kona kila mmoja apite peke yake, kwa nafasi ya kutosha. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule anayejiamini kidogo kuliko wote, na jambo hilo lisemwe wazi kabla ya kuondoka.

8. "Sekenke hakuna cha kutazama, pita tu."

SI KWELI. Hapa Iramba ulikuwapo mgodi wa dhahabu wa Sekenke, ulioanza mwaka 1909 wakati wa Wajerumani na kutajwa kuwa wa kwanza nchini. Mwaka 1916, vita ikiwa imewakatia Wajerumani njia za baharini, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora na kufuliwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliuteka mji wa Tabora.

Kwa hiyo simameni Shelui. Zimeni injini, hesabianeni, breki zipoe, na anayejua historia hii awasimulie wenzake. Mkiona kuna mmoja bado hajafika, msiendelee hadi mjue yuko wapi. Mlitoka pamoja kwa hiari yenu, na kila mmoja wenu ana watu nyumbani wanaoamini kwamba wenzake watamtazama.