SMG, bastola na shotgun iliyokatwa: zinatofautiana nini hasa?

Wadau, kila polisi wanapokamata majambazi tunasikia redioni maneno yale yale: bastola, SMG, "shotgun iliyokatwa mtutu na kitako". Halafu vijiweni hapa Singida mjini ubishi unaanza, kila mtu mtaalamu kisa kaangalia Rambo. Hebu tuwekane sawa.

Kwanza hilo jina SMG. Kwa wenzetu wa nje ni bunduki fupi inayomimina risasi za bastola, kama Uzi ya Israeli au Sterling ya Uingereza, zote za milimita 9. Kwetu ukisema SMG watu wanaelewa AK-47. Wachina walipotengeneza kopi yao ya AK, yaani Type 56, waliiweka kwenye kundi hilo la SMG, na Tanzania imepokea silaha nyingi za Kichina tangu miaka ya 1960. Jina moja, vitu viwili.

Na tofauti yake si mchezo. Risasi zenyewe zinakaribiana uzito, kama gramu 8. Ila ya bastola ya milimita 9 inatoka kwa mita 350 hivi kwa sekunde, ya AK mita 700 na ushee. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne! Bati la mlango wa gari hata risasi ya bastola inaweza kulipita. Ya AK inapita na bado inaua upande wa pili. Mnakumbuka Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, alivyomiminiwa risasi akiwa ndani ya gari Dodoma, Septemba 7, 2017. Zilimpata 16. Ukijikuta kwenye balaa la namna hiyo, jikinge upande wa injini, mlango si ngao.

Sasa ufupi wa mtutu. Watu wanadhani bunduki fupi ni kali zaidi kwa sababu inapiga kelele. Ni kinyume. Baruti haijamaliza kuungua, risasi imeshatoka, kwa hiyo moto na kelele vinaishia nje. Warusi walipofupisha AK-74 wakapata AKS-74U yenye mtutu wa sentimita 20 hivi, kasi ilishuka kutoka mita 900 hadi kama 735 kwa sekunde. Risasi ya bastola haiumii sana hapo, imeundwa kwa mtutu mfupi tangu mwanzo.

Shotgun je? Ile namba 12 siyo milimita. Chukua ratili moja ya risasi (madini), igawe vigololi 12 sawasawa, kigololi kimoja ndicho kinaenea kwenye mtutu. Ndiyo maana namba 20 ina tundu dogo kuliko 12. Jambazi anaukata ili uingie ndani ya koti, basi. Haupati nguvu mpya, ila kwa umbali wa kaunta ya duka unaua vile vile. Gobore la kule Manyoni, kuelekea Rungwa, halina namba kabisa, fundi katumia bomba alilopata, na likipasuka linaanza na mpigaji. Fupi au ndefu, bila kibali ni jinai, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani.

Mwisho, hili naomba tulichukulie kwa uzito. Likitokea tukio, watoto (na watu wazima pia, tusidanganyane) wanakimbilia kuokota maganda. Kwenye kitako cha ganda mara nyingi kuna maandishi, na pini ya bunduki inaacha alama yake hapo, ambayo kukata mtutu hakuifuti. Polisi wanaweza kulinganisha maganda ya matukio mawili wakajua ni silaha moja. Likishapita kwenye mikono kumi, ushahidi unaharibika. Liache lilipo, weka jiwe au tawi pembeni kama alama, zuia watu, ita polisi au mwenyekiti wa mtaa. Na kama hakuna ganda, usiseme hakukupigwa risasi: revolva haitemi maganda.