KOFIA YA PIKIPIKI NA SIMU YA UPEPO

Ndugu msomaji, wewe uliye na pikipiki nyumbani, au uliye na mwana abebaye abiria, nipe sikio lako kidogo. Nataka kusema nawe juu ya chombo kilichokwisha kuingia vijijini mwetu: spika ndogo mbili na kinasa sauti, vitu vinavyotiwa ndani ya kofia ngumu ya mwendesha pikipiki, navyo husikilizana na simu pasipo waya. Vijana wa kijiweni wanacho. Kariakoo kinauzwa, minadani kinauzwa, na watu waulizana: tununue kipi? Mimi ni karani wa parokia, si fundi. Lakini nimekitumia mwaka mzima na zaidi, na kabla ya kukinunua nilifanya kosa ambalo mke wangu alililipa kwa mkono wake.

Kosa lenyewe ni hili. Jumapili moja mchana tulikuwa twaenda kigango cha mbali, kwenye karamu ya ubatizo wa mtoto wa shemeji yangu. Mama watoto alikaa nyuma, amejifunga khanga mpya juu ya gauni. Mimi nilivaa kofia, na ndani ya kofia nilikuwa na visikizio vya simu, sikio hili na hili, nasikiliza mpira. Njiani ncha ya khanga ikashuka, ikashikwa na mnyororo. Akaniita. Akanipiga begani, nami nikadhani anajishikilia kwa sababu ya mashimo. Akaita tena. Watu waliokuwa shambani walimsikia; mimi niliyekuwa mbele yake shubiri moja sikumsikia. Khanga ikajisokota, ikamvuta, akaanguka. Kichwani hakuwa na kitu, maana kofia tulikuwa nayo moja tu, na aliyeivaa ni mimi. Mungu alimhifadhi kichwa. Mkono ulivunjika karibu na kiganja, akakaa na plasta wiki sita. Na lile bao nililokuwa nikilishangilia moyoni, refa alilikataa.

Basi mtu akiniuliza leo anunue chombo gani cha kofia, mimi humwuliza kwanza: kofia unazo ngapi? Akisema moja, namwambia fedha yake anunulie kofia ya pili, na habari ya spika tutazungumza baada ya mavuno mengine.

Huenda ukaniona mkali. Ushahidi wa kofia si wa jana. Mwaka 1935 huko Uingereza, T. E. Lawrence, askari aliyesifiwa sana katika Vita Kuu ya kwanza, alianguka na pikipiki akafa baada ya siku 6 kwa jeraha la kichwa. Miongoni mwa waganga waliomwangalia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa kupasua ubongo. Kifo kile kilimkaa moyoni. Akachunguza ajali za askari wapanda pikipiki, akaandika aliyoyaona mwaka 1941, na mwaka ule ule Jeshi la Uingereza likaamuru wapanda pikipiki wake wavae kofia. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya pamoja uchunguzi wa nchi nyingi, wakaona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna spika iwezayo kukufanyia hayo.

Kofia yenyewe ichague hivi. Ivae dukani, funga mkanda wa kidevuni, kisha itikise kwa mikono. Ngozi ya mashavu iende pamoja nayo. Kofia ikizunguka peke yake, ni kubwa mno. Mwambie mwenzako aishike kwa nyuma chini na kuisukuma kuelekea mbele: ikitoka, iache pale pale. Usinunue iliyokwisha kutumika, maana hujui imeanguka mara ngapi. Tena chungulia ndani, chini ya kitambaa. Utaona povu gumu jeupe, mfano wa lile linalozungushiwa televisheni ndani ya sanduku. Hilo ndilo lenye kazi. Kichwa kikigonga, povu hupondeka lenyewe na kulinyonya pigo kabla halijafika kwenye fuvu.

Nimelitaja povu kwa sababu. Kofia nyingi za bei nafuu hazina kishimo cha sikio, na mtu akirudi nyumbani na spika zake huona hazina mahali pa kukaa. Afanyeje? Huchukua kisu akachonga povu. Nimewaona vijana wawili wakifanya hivyo, na mmoja akajisifu kwamba kazi yake ni safi kama ya seremala. Hasha! Mahali alipochonga, pembeni mwa kichwa, ndipo palipobaki bila kinga. Kadhalika usitoboe gamba la nje ili kukaza skrubu. Kofia isiyo na nafasi ya spika ni kofia isiyotakiwa kutiwa spika.

Kwa hiyo beba kofia yako uendapo kununua. Spika iwe nyembamba, ikae mbele ya tundu la sikio bila kulikandamiza. Vaa, ukae nayo dukani nusu saa. Mwuzaji atanuna, mwache anune. Sikio likianza kuuma katika nusu saa, kwenye safari ya saa mbili utaivua kofia uitundike kwenye usukani, nawe utakuwa umenunua hatari kwa fedha yako. Kisha tazama kinasa sauti. Kofia iliyo wazi mbele yataka kile chenye kijiti kinachofika mdomoni. Kofia iliyofunika kidevu yataka kile kidogo cha kubandika kwa ndani. Masanduku mengine yana vyote viwili, mengine kimoja tu. Uliza kabla ya kulipa.

Sasa chombo hiki hufanyaje kazi? Hutumia mawimbi ya redio. Wazee wetu waliiita redio simu ya upepo, kwa kuwa maneno yalipita hewani pasipo waya, nami naona jina hilo laifaa sana kofia hii. Njia yenyewe huitwa Bluetooth. Kazi ya kuibuni ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, nchi ya Uswidi. Jina lake lina habari ya kumfurahisha Mkristu. Ni jina la utani la Harald, mfalme wa Wadani, maana yake Jino la Buluu. Mfalme huyo alibatizwa katika karne ya 10, na jiwe alilolisimamisha Jelling, huko Denmark, lingalipo: limeandikwa kwamba yeye ndiye aliyewafanya Wadani kuwa Wakristu. Masimulizi ya kale husema aliamini alipomwona padre mmoja, jina lake Poppo, akishika chuma cha moto mkononi bila kuungua. Kwa kuwa Harald alisifiwa kuunganisha watu waliotengana, jina lake likapewa njia hii ya kuunganisha vyombo. Ile alama iliyo juu ya sanduku, kama B yenye pembe, ni herufi mbili za kale za Wadani, H na B, zilizofungwa pamoja. Waonyeshe watoto wako.

Turudi dukani. Ukisoma maneno ya sandukuni, utaona kila mtengenezaji ajisifia umbali: mita 500, mita 1000, na zaidi. Langu limeandikwa mita 1000. Mama watoto hukaa nyuma yangu sentimita thelathini! Umbali huo ni wa wenye pikipiki mbili wafuatanao, tena mahali peupe pasipo kilima wala msitu. Usiulipie. Vilevile kuna aina mpya zaidi ambayo vyombo vingi hujiunga vyenyewe mfano wa wavu, mmoja akipotea wengine waendelea kusikizana. Kampuni ya Cardo ilianza kuiuza mwaka 2015, na Sena ikafuata mwaka 2018. Ni kazi nzuri, walakini yawafaa watu watembeao kundi kubwa katika barabara ndefu, na bei yake ni ya juu mno. Baba na mama waendao kliniki hawaihitaji.

Wanachohitaji ni vyombo viwili vilivyouzwa pamoja katika sanduku moja, kofia hii na kofia hii, ili mwendeshaji na abiria waongee. Hapo ndipo ninapoona faida ya kweli. Ukinunua kimoja leo na kingine cha mtengenezaji mwingine mwakani, mara nyingi havitasikizana, au vitasikizana kwa shida. Vya kwangu nilivilipia, kwa kila kimoja, karibu bei ya beberu mzuri. Mama watoto ana maneno matatu tu awapo nyuma: “Pole pole”, “Shimo”, na “Simama”. Mengine tunayaacha hadi tufike. Khanga naye huikunja na kuikalia.

Nyimbo je? Nitasema ninavyoona, nawe ukatae ukitaka. Mtu aendeshaye pikipiki ana kazi ya kusikia: lori linalotaka kupita, kengele ya baiskeli, mtoto aitwaye na mama yake kutoka upande wa pili wa barabara. Spika hizi hazizibi tundu la sikio kama visikizio vile vilivyonidanganya mimi, lakini sauti ikiwa kubwa ni yale yale. Tena kuna madhara ya masikio yenyewe. Sauti ya desibeli 85, sikio hulivumilia saa 8. Ya desibeli 100, dakika 15 tu. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo peke yake ndani ya kofia hupita desibeli 90, na mtu huongeza sauti ya spika ili kuushinda upepo, ndiyo masikio hufa. Sisi wa barabara za vumbi tuendao kilomita 40 kwa saa hatuna upepo huo. Ndiyo maana nasema spika za bei ya kati zatutosha, na sauti iwe ndogo.

Jambo la simu lina mtego wake. Vyombo vingi hujipokelea simu vyenyewe baada ya sekunde chache, hata usipogusa kitu. Watu hulisifu jambo hili. Mimi nimelizima, na mwuzaji akuonyeshe namna ya kulizima kabla hujatoka dukani. Shirika la Afya la Dunia husema dereva anayetumia simu ana hatari ya ajali kama mara 4 kuliko asiyeitumia, na kwamba kuongea bila kushika simu hakupunguzi sana hatari hiyo, kwa kuwa kilichoshikwa ni akili. Simu ya msiba ikilia, simama chini ya mwembe, zima mashine, pokea.

Habari ya maji na vumbi itazame kwa makini, maana sisi tuna vyote viwili. Tafuta herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu: vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji: 7 ni chombo kiwezacho kuzama mita 1 kwa dakika 30 kisiharibike. Basi IP67 yafaa masika na kiangazi. Sanduku likisema tu “hakiogopi mvua” pasipo tarakimu, wewe ndiwe uogope. Na kifuniko cha tundu la chaji kikiachwa wazi, hata IP67 haisaidii.

Betri nayo iulize: hukaa saa ngapi mkiongea, si saa ngapi kikiwa kimelala, maana sandukuni huandikwa ile idadi kubwa. Angalia waya wake kama ni wa namna moja na waya wa simu yako, ukaweze kuchaji kwa umeme wa jua ulio nao nyumbani. Usikianike juani wala kukiacha juu ya kiti cha pikipiki mchana kutwa. Joto huiua betri hizi mapema. Nyingi haziwezi kubadilishwa, hivyo ikichoka baada ya miaka michache chombo chote kimekwisha. Jambo hilo laniudhi, lakini ndivyo vilivyo.

Kwa wewe mzazi mwenye mwana wa bodaboda nina neno moja zaidi. Ukimwona amechomeka simu kati ya shavu na kofia, kama wengi wafanyavyo, usimgombeze tu. Simu ile hulegeza kofia upande mmoja, naye huinamisha shingo njia nzima. Mnunulie chombo cha bei ya kati, uketi naye mkizime pamoja kile cha kujipokelea simu, umwambie abiria wake akimpiga begani asimame kwanza, aulize baadaye. Na wewe abiria, mwana wa mtu akikubeba huku anaongea na simu, mwambie akushushe. Ni haki yako, nauli ni yako.

Cha kwangu kina sauti ya mwanamke wa Kiingereza; Kiswahili hakijui. Zamani nilikuwa naiacha kofia sakristia. Siku moja nilisahau kuizima, na katikati ya Misa, Padre ameinamisha kichwa, kanisa kimya, yule mwanamke akatangaza kwa sauti kwamba betri inakwisha. Padre Paroko hakusema neno, alinitazama tu. Sasa kofia hukaa ofisini, juu ya kabati la vitabu vya ubatizo.