Si Kila Homa Ni Malaria

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya homa, na habari ya chumba kile cha hospitali kiitwacho maabara, mahali ambapo damu, makohozi, mkojo na choo cha mgonjwa hupimwa. Wengi wetu tumepita mlangoni pake tusijue yatendekayo ndani. Wengine hukikwepa kwa kuogopa sindano, au kwa kudhani kwamba kupimwa ni kupoteza fedha na wakati. Lakini yafanyikayo katika chumba hicho mara nyingi ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atapona au hatapona.

Natuchukue mfano. Mtu mmoja akaaye Kwa Mrombo, upande wa kusini wa jiji la Arusha, ameamka na homa. Jina lake hatulitaji, maana mtu wa namna hii yumo katika kila mtaa na kila kijiji. Kichwa chamwuma, viungo vyamwuma, na usiku hutoka jasho jingi. Yeye hufuga mbuzi wachache, na majuma machache yaliyopita mbuzi wake mmoja alitupa mimba, naye akaitoa kondo kwa mikono mitupu. Jirani yake amwambia, "Pole, ndugu yangu. Hiyo ni malaria tu. Nunua dawa dukani, umeze, utapona." Mtu wetu anunua dawa na kumeza. Homa yapungua kidogo, kisha yarudi. Anunua dawa nyingine. Mwezi wapita, fedha zimekwisha, mwili umekonda, na homa ingali ile ile.

Je, kosa lilikuwa wapi? Dawa haikuwa mbaya, wala jirani hakuwa na nia mbaya. Kosa ni kwamba hawakujua walikuwa wakipigana na adui gani.

Homa si ugonjwa wenyewe. Homa ni kama hodi mlangoni. Wageni wengi hubisha hodi kwa sauti moja, na aliye ndani hawezi kumjua mgeni mpaka afungue mlango amwone. Malaria huleta homa. Homa ya matumbo huleta homa, na kifua kikuu pia. Hata magonjwa tuyapatayo kwa ng'ombe, mbuzi na panya huleta homa. Mkono uliowekwa juu ya paji la uso hauwezi kuyatenganisha, hata ukiwa mkono wa mganga mwenye ujuzi mwingi.

Jambo hili lilichunguzwa karibu nasi. Tangu Septemba 2007 hata Agosti 2008, wataalamu walipima wagonjwa wa homa 870, wakubwa kwa wadogo, waliolazwa katika hospitali mbili za mjini Moshi, yaani KCMC na Mawenzi. Kwa kutazama dalili, 528 kati yao walidhaniwa kuwa na malaria. Walipopimwa sawasawa katika maabara, ilionekana kwamba wenye homa iliyoletwa na malaria walikuwa 14 tu. Wagonjwa 85 walikuwa na bakteria ndani ya damu, na hao ni watu walio katika hatari kubwa ya kufa wasipopewa dawa ipasayo. Na miongoni mwa wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa nayo.

Fikirini, basi, hatari iliyopo mgonjwa mwenye bakteria ndani ya damu anapolala akinywa dawa ya malaria, huku ndugu zake wakingoja apone. Wala msidhani kwamba malaria imekwisha. Hapa chini ya Mlima Meru baridi huzuia vimelea vya malaria kukua upesi ndani ya mbu, kwa hiyo si vingi kama katika nchi za joto. Lakini anayesafiri kwenda nchi za chini aweza kurudi navyo, na malaria isiyotibiwa huua upesi. Kwa hiyo njia ni moja tu: kupima kwanza, kutibu baadaye.

Sasa tuingie ndani ya maabara tuone yanayofanyika. Vijidudu viletavyo magonjwa ni vidogo mno hata jicho haliwezi kuviona. Ili vionekane hutumika darubini ya kukuzia vitu vidogo, ambayo huitwa pia hadubini, nayo yaweza kukikuza kitu mara 1,000. Mwaka 1880, katika nchi ya Algeria, mganga Mfaransa aliyeitwa Laveran alitazama damu ya mgonjwa kwa chombo cha namna hii, akaviona vimelea vya malaria. Hata leo mpimaji hudunga kidole, hupaka tone la damu juu ya kipande cha kioo, hulitia rangi, kisha hutafuta vimelea hivyo ndani yake. Siku hizi kuna pia kipimo cha haraka, kijibao kidogo cha plastiki ambacho hutiwa tone la damu, na kwa muda wa dakika 15 au 20 mistari yake hutoa jibu. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila adhaniwaye kuwa na malaria apimwe kwa njia moja ya hizi kabla ya kupewa dawa.

Kwa kifua kikuu hupimwa makohozi. Bakteria wa ugonjwa huu walitangazwa na Mjerumani Robert Koch tarehe 24 Machi 1882. Wana ngozi ngumu ya mafuta. Rangi nyekundu ikiisha kuwaingia, hata wakioshwa kwa asidi haiwatoki. Mpimaji hutia baadaye rangi ya buluu, naye huwaona kama vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu. Iko pia mashine ya kisasa ambayo hutambua bakteria hao kwa muda wa saa 2 hivi, tena huonyesha kama wamekwisha kuzoea dawa moja iliyo kubwa katika tiba yao. Wenyeji wa upande wetu waijua hospitali ya Kibong'oto, huko Siha, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya ugonjwa huu, na ingali ikifanya kazi hata leo. Kupimwa na kutibiwa kifua kikuu katika hospitali za serikali hakulipiwi.

Njia ya tatu ni kuotesha. Damu ya mgonjwa hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, ikawekwa mahali penye joto kama la mwili. Kama bakteria wamo, huzaana, kama mbegu iotavyo katika udongo mzuri. Kisha hupandwa katika kisahani, na juu yake huwekwa vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Penye dawa iwezayo kuwaua, huonekana duara tupu lisiloota kitu, kama majani yasivyoota chini ya mkaratusi. Dawa ambayo wamekwisha kuizoea, huota mpaka ukingoni mwake. Kazi hii huchukua siku kadhaa, nayo humwambia mganga dawa ya kutumia na dawa ya kuacha.

Maabara husaidia nchi nzima pia. Mwezi wa Julai 2022, katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, watu walipatwa na homa, kichwa kuuma na kutokwa na damu puani. Watu 20 walipatikana na ugonjwa huo na 3 wakafa, na hofu ikaenea. Vipimo vilionyesha kwamba haukuwa Ebola wala Marburg. Ulikuwa homa ya mgunda, ugonjwa ambao bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, nao una dawa. Bila maabara watu wangalibaki katika hofu, wala wasingalijua wajilindeje.

Lakini maabara haiwezi kufanya kazi peke yake. Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kwanza, asimeze dawa za kuua bakteria kabla ya kupimwa. Kufanya hivyo ni kufagia uwanja mwizi wa mifugo akiisha pita, kisha kuwaita watu wafuate nyayo. Pili, atoe kitakiwacho: makohozi yatoke kifuani kwa kukohoa kwa nguvu, wala yasiwe mate ya kinywani. Tatu, aseme kweli: amesafiri wapi, amemeza dawa gani, amegusa mnyama gani. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nne, kipimo kikionyesha hakuna malaria, asikasirike wala asitake dawa ya malaria kwa nguvu. Jibu la "hakuna" ni habari njema nusu, nusu ya pili ni kuuliza, "Basi ni nini?" Na homa ikiendelea arudi, maana mara nyingine kipimo cha kwanza hukosa kuona.

Turudi kwa mtu wetu wa Kwa Mrombo. Mwisho ndugu zake wamchukua hospitalini. Mganga amwuliza habari za mifugo, naye asimulia habari ya yule mbuzi. Wampima malaria, hakuna. Kisha maji ya damu yake yachanganywa na tone la dawa ya kupimia, nayo yagandamana chembe chembe, ishara kwamba mwili wake umekuwa ukipigana na bruselosi, ugonjwa wa mifugo kutupa mimba. Apewa dawa mbili, azitumie kwa majuma 6 bila kuacha, naye apata nafuu. Tena aonywa asishike kondo kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa, kwa ajili ya watoto wake.

Mtu huyu alipoteza mwezi mzima na fedha zake zote kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema. Wengine hupoteza zaidi ya hayo. Kwa hiyo, ninyi wanafunzi msomao kitabu hiki, wasomeeni wazee nyumbani. Na ninyi wazazi, mtoto akiwaka homa, mpelekeni siku ile ile kwenye kituo cha afya, mkaombe apimwe. Kuuliza si ujinga.