Polytopia: Mchezo wa vita ambao ugomvi wake ni wa mtaji

Waulize wachezaji wa Polytopia ni kitu gani kinachoshinda mchezo huo, na wachache sana watakutajia upanga. Wengi wataanza kukuhesabia nyota: ulianza na ngapi, ulizitumia wapi, na miji yako inaingiza ngapi kila zamu. Nyota ndiyo fedha ya mchezo. Kwa mtu aliyewahi kusimama mpakani akipiga hesabu kama pesa iliyobaki aongezee mzigo au alipie lori, mazungumzo ya namna hiyo si mageni.

Kwa asiyeujua, The Battle of Polytopia ni mchezo uliotengenezwa na Midjiwan, kampuni ndogo ya mjini Stockholm, Uswidi. Ulitoka mwaka 2016 kwenye iPhone ukiitwa Super Tribes, ukabadilishwa jina mwaka huohuo, na kabla mwaka haujaisha ukawa umefika kwenye simu za Android. Kompyuta ziliupata mwaka 2020. Unachezwa kwa zamu, kama bao au drafti: unasogeza watu wako, unanunua, unajenga, kisha unamwachia mwenzako. Ramani imekatwa miraba, na ile ndogo kabisa ina miraba 121 tu. Unaanza na mji mmoja, askari mmoja na nyota kiganjani, na dunia yote iliyobaki imefunikwa na mawingu.

Usitishwe na neno vita. Watu wa Polytopia wana vichwa vya mraba, wanyama wake wanafanana na vitu vya kuchezea watoto, na hakuna tone la damu. Kuna majitu, kuna majoka, kuna kaa wakubwa wa baharini. Ni ndoto iliyochorwa kwa furaha, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wachezaji wengi husifu.

La pili wanalosifu ni ufupi. Kuna mtindo wa kucheza unaokwisha kwa zamu 30, ambapo unahesabiwa alama na kuambiwa umefanya vizuri kiasi gani. Mtu mzoefu huumaliza chini ya saa moja. Ukicheza dhidi ya mashine huhitaji intaneti, na watu wawili wanaweza kupokezana simu moja. Aliyekaa kwenye foleni ya malori Malaba au Tunduma, bando limekwisha na wakala wa forodha hapokei simu, ataelewa mara moja kwa nini sifa hizo mbili zinatajwa sana kuliko uzuri wa picha.

Nyota iende wapi

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe. Askari wa kawaida ananunuliwa kwa nyota 2. Kijiji unachokiteka kinageuka mji, na mji mchanga unakuletea nyota 1 kila zamu. Ujuzi wa ngazi ya kwanza, kama kuwinda, kuvua au kupanda mlima, hugharimu nyota 5 ukiwa na mji mmoja. Lakini bei hiyo hupanda kadri unavyokua: ukiwa na miji mitano, ujuzi uleule ni nyota 9, na ule wa ngazi ya juu uliokuwa nyota 7 sasa ni 19.

Hapo ndipo wanaoanza wanapopotea, na wakongwe hawachoki kuwaambia. Mgeni hununua askari wengi kwa hofu, au hununua kila ujuzi anaouona, kisha zamu ya kumi inamkuta hana kitu cha kujengea. Kwa lugha ya sokoni, amekula mtaji. Wakongwe wengi hushauri kutangulia kuvifikia vijiji vilivyo karibu, kununua ujuzi ule tu ambao ardhi yako inauhitaji, na kukuza miji mapema ili nyota zizae nyota. Anayeweka nyota bila kuzitumia naye hawamsifu, maana mali iliyolala haileti kitu.

Mji ukipanda ngazi unaulizwa swali, na maswali hayo yana mabishano yake. Kwenye ngazi ya pili unachagua kati ya karakana inayoongeza nyota 1 kila zamu hadi mwisho, na mpelelezi anayekufungulia ramani. Wapo wanaoapa kwa karakana. Wengine hujibu kwamba kujua kijiji kiko wapi zamu ya tatu kuna faida kubwa kuliko nyota moja moja. Mimi niko upande wa mpelelezi kwenye mji wa kwanza na karakana kwenye iliyobaki. Ngazi ya tano haina ubishi mkubwa: unapewa bustani yenye alama au jitu, na anayecheza ili kushinda vita huchukua jitu.

Kuhusu makabila, yaliyo ya bure tangu mwanzo ni manne: Xin-xi, Imperius, Bardur na Oumaji. Mengine huuzwa. Bardur, watu wa misitu ya baridi, ndio wanaopendwa sana na wasio na pesa ya kutoa, kwa sababu wanaanza wakijua kuwinda na wanyama wamewazunguka. Mji wao hukua haraka. Oumaji wa jangwani wanaanza na mpanda farasi, kwa hiyo huwahi vijiji kabla ya jirani. Katika yale ya kununua, Vengir wanaanza na upanga mkononi lakini ardhi yao ni kavu, na maoni ya wachezaji juu yao ni yaleyale kila mara: ama umshinde jirani mapema, ama ufe njaa.

Wafanyabiashara wenzangu wa mipakani nawaelekeza kwa Yădakk. Hawa huanza wakijua kitu kimoja tu, kujenga barabara. Wengi huwadharau kwa sababu barabara haiui mtu. Lakini katika mchezo huu, mji ukiunganishwa na mji mkuu kwa barabara, wakazi huongezeka pande zote mbili, na askari wakiwa barabarani hufika haraka kuliko wa jirani. Faida yake huchelewa kuonekana. Ikishaonekana, ni vigumu kuifuta.

Wadudu wa Cymanti

Malalamiko makali zaidi yanawahusu Cymanti. Hili ni moja ya makabila manne ya ajabu, pamoja na Aquarion wa baharini, Elyrion wanaoangua mayai ya majoka, na Polaris wanaogandisha maji na nchi kavu. Cymanti wao wanatumia wadudu na uyoga. Wadudu wao wepesi hupita misituni na milimani bila kupunguzwa mwendo, wakati askari wa wengine wanakwama, na sumu yao hudhoofisha ulinzi wa adui. Kwenye ramani ndogo, ambako jirani yuko karibu, wachezaji wengi wanasema kucheza dhidi yao ni kupoteza muda.

Kinachouma ni kwamba ni kabila la kulipia. Asiyelinunua anapopigwa na aliyelinunua, haoni tena kama ameshindwa kwa akili. Watetezi hujibu kwamba kwenye ramani yenye maji mengi wadudu hao hawana ubabe huo, na kwamba watengenezaji wamewapunguzia nguvu zaidi ya mara moja. Yote mawili ni kweli, ila hayalifuti lalamiko. Elyrion nao wanalipiwa, lakini yai la joka linachukua zamu kadhaa kuanguliwa na joka changa zamu nyingine kukomaa; mpinzani anayajua yanayokuja na ana muda wa kujipanga. Cymanti hawakupi muda.

Nyumba ya forodha ilipoondolewa

Kwa miaka mingi mchezo huu ulikuwa na jengo ambalo msomaji wa ukurasa huu angelitambua upesi: nyumba ya forodha. Uliijenga kando ya bandari, na kila bandari iliyopakana nayo ilikuletea nyota 2 kwa zamu. Bandari tatu au nne zikizunguka jengo moja, hazina inajaa bila kupigana. Wenye kujua hesabu waliipenda mno, na waliozaliwa na ramani mbali na maji walilalamika kwamba pwani inatajirika kwa kukaa tu.

Baadaye watengenezaji waliuchambua upya uchumi wa bahari, wakaiondoa forodha na kuweka soko. Soko halilipwi kwa bandari bali kwa majengo ya uzalishaji yaliyo kando yake: kinu cha kusaga nafaka, kiwanda cha mbao, karakana ya mfua chuma. Waliosikitika wanasema mchezo umepoteza starehe ya kupanga bandari kama mtu anayepanga nyumba. Waliofurahi wanasema sasa mwenye shamba na mwenye msitu naye anakula. Kwa maoni yangu mabadiliko hayo ni ya haki. Forodha ilimlipa mtu kwa mahali alipowekwa. Soko linamlipa kwa alichojenga.

Mwaka 2022 kuliongezwa kitu kingine kilichowagawa watu: ubalozi na mikataba ya amani. Ukifungua ubalozi kwenye mji mkuu wa mwenzako, nyote wawili mnapata nyota kila zamu, na mkiwa na amani mapato hayo huongezeka maradufu. Mkataba ukivunjwa, lile ongezeko hupotea. Wapinzani wanasema amani imewapa watu wawili njia rahisi ya kumbana wa tatu, na hilo hutokea kweli watu wanapocheza wengi kwa pamoja.

Mchezaji anayejulikana kuliko wote ni Elon Musk, bosi wa Tesla, ambaye magari ya kampuni yake yaliwekewa mchezo huu kwenye skrini. Kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Walter Isaacson na kutoka mwaka 2023 kinataja mafunzo ambayo watu wake wa karibu waliyatoa kwenye Polytopia, na mojawapo ni kwamba kumhurumia mwenzio hakukuletei faida. Ukicheza dhidi ya mashine hadi abaki mmoja, ni kweli. Lakini mwenye balozi tatu na amani tatu ana nyota ambazo mshindi wa vita bado anazitafuta. Mchezo wenyewe unambishia.

Lalamiko moja sioni dawa yake: bahati ya ramani. Ukizaliwa kwenye pembe yenye milima mitupu huku jirani amezungukwa na vijiji, hesabu nzuri itakusogeza tu, haitakuokoa. Na aliyetangulia huzidi kutangulia. Kufika zamu ya kumi na tano mshindi huwa ameshajulikana, zilizobaki ni za kukamilisha.

Anayetaka kujaribu aanze na Bardur kwenye mtindo wa zamu 30, bila kununua chochote hadi ayachoke makabila manne ya bure. Na kama simu hiyo hupewa watoto jioni, weka nywila kwenye duka la programu kwanza, kwa sababu makabila huuzwa moja moja na mtoto hawezi kujua ni nauli ya kesho aliyoibonyeza.