Kifurushi Kipya cha Programu Kinapowasili Kituoni

Mama anayempeleka mtoto wake kutibiwa huko Kansay, wilayani Karatu, hana haja ya kujua ni programu gani inayoendesha kompyuta ya mapokezi. Anahitaji mambo matatu: mtoto atambuliwe kuwa ndiye yuleyule aliyetibiwa mwezi uliopita, dawa aliyoandikiwa iwepo dirishani, na dozi yake iwe sahihi. Mambo hayo matatu huwekwa majaribuni kila mara mfumo wa kompyuta unapobadilishwa. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo hufanyikaje, na kwa nini utaratibu wa kazi hauna budi kutengenezwa kabla ya mashine kuguswa.

Kifurushi ni nini?

Kifurushi cha programu ni sehemu moja ya mfumo iliyofungwa pamoja na maelezo yake: jina, namba ya toleo, na orodha ya sehemu nyingine inazozitegemea. Programu inayosimamia vifurushi hufanya kazi kama mtunza bohari. Inajua kilichopo, huagiza kinachopungua kutoka hazina kuu, huhakikisha kwamba kilichopokelewa hakikuchezewa njiani, na hukataa kuweka kifurushi ambacho mategemeo yake hayajatimia.

Watumishi wa siku nyingi wanaujua mfano wake. Katika miaka ya 1980, zahanati za Tanzania zilianza kupokea dawa muhimu katika makasha yaliyofungwa tayari, yenye vitu vilevile kwa kila zahanati. Baadaye vituo vikaanza kuagiza vyenyewe kutoka Bohari ya Dawa kwa kujaza fomu ya taarifa na maombi. Dawa zikaweza kulingana zaidi na mahitaji, lakini kazi mpya ikazaliwa: kuhesabu salio na matumizi kwa usahihi. Programu nazo zimefuata njia hiyo. Zamani mfumo mzima uliwekwa kwa mkupuo. Sasa sehemu moja yaweza kubadilishwa peke yake, na anayeipokea hana budi kujua imegusa nini.

Mfano ulio karibu

Takwimu za MTUHA, zilizokusanywa kwa vitabu na fomu tangu miaka ya 1990, leo huingizwa katika DHIS2, mfumo uliotengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo na kuenea Tanzania nzima kufikia mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani limeshirikiana na chuo hicho kuandaa vifurushi vya DHIS2 kwa ajili ya malaria, kifua kikuu, chanjo na magonjwa mengine. Ndani yake mna fomu, viashiria na chati zilizo tayari. Hata hivyo, nchi inayovipokea hulazimika kwanza kulinganisha majina na misimbo yake na ile ya kifurushi, kisha kukijaribu kwenye seva ya majaribio. Isipofanya hivyo, kiashiria kimoja chaweza kuwa na majina mawili, na wagonjwa wakahesabiwa mara mbili au wasihesabiwe kabisa.

Makosa yasiyopiga kelele

Mfumo unapozimika, kila mtu huona. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na baadhi ya hospitali zikaahirisha huduma zisizo za dharura. La kuogopwa zaidi ni kosa ambalo halionekani.

La kwanza ni la majina. Katika jamii ya Wairaqw, Akonaay laweza kuandikwa Akonay, na Qorro likawa Koro. Kifurushi kipya kikitafuta herufi kwa herufi, mgonjwa wa zamani atasajiliwa upya, na kumbukumbu ya mzio wake itabaki katika jalada la kwanza.

La pili ni la vipimo vya kuhesabia. Salio la vidonge 3000 likisomwa kama makopo 3000, mfumo utaonyesha ghala limejaa. Kituo hakitaagiza, na dawa zitakwisha.

La tatu ni la kukadiria namba. Mtoto mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 cha ALu kwa kila dozi. Mwenye kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2. Kifurushi kikizidisha kilo 14.6 kuwa 15, dozi ya mtoto huyo imeongezwa maradufu bila mtu yeyote kukosea kuandika.

Utaratibu unaopendekezwa

1. Mganga mfawidhi ateue mtumishi mmoja wa kupokea taarifa za matoleo mapya na kuandika katika daftari tarehe, namba ya toleo na kilichobadilika.

2. Nakala rudufu ya taarifa itengenezwe, na ijaribiwe kufunguliwa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haihesabiwi kuwa ipo.

3. Kifurushi kijaribiwe kwa wagonjwa wa kubuni walio mpakani: mtoto wa kilo 14.6, jina lenye tahajia mbili, dawa yenye vipimo viwili vya kuhesabia.

4. Mabadiliko yafanywe siku isiyo ya kliniki kubwa, vitabu vya MTUHA vikiwa mezani. Umeme au mtandao ukikatika, huduma iendelee kwa kalamu.

5. Kwa siku saba za mwanzo, jumla ya kompyuta ilinganishwe kila jioni na ya kitabu cha wagonjwa wa nje, na salio la dawa lilinganishwe na leja. Tofauti isiyoelezeka iripotiwe wilayani, na toleo la awali lirudishwe.

Nafasi ya mgonjwa

Mgonjwa atunze kadi yake na aje nayo kila mara, ataje jina kama lilivyoandikwa humo, na aeleze dawa zinazomdhuru hata kama aliwahi kueleza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Akiona dozi ya leo haifanani na ya jana, aulize kabla ya kuondoka dirishani. Naye mtumishi asijibu kwamba kompyuta ndiyo imesema hivyo. Afungue kitabu, apime upya, ndipo ampe dawa.