Dhambi: Hali, Tendo na Deni kwa Jirani

Katika teolojia ya Kikristo, yaani elimu inayochunguza imani juu ya Mungu kwa hoja, dhambi si ukiukaji wa desturi au wa sheria ya nchi tu, bali ni kuharibika kwa uhusiano wa mwanadamu na Mungu, kunakodhihirika katika mawazo, maneno na matendo, na hata katika kuacha kutenda jema lililopasa.

Fundisho hilo lilipofika Gusii, magharibi mwa Kenya, kupitia misheni ya Wakatoliki wa shirika la Mill Hill huko Nyabururu mwaka 1911 na, muda mfupi baadaye, ya Waadventista Wasabato huko Nyanchwa, liliikuta jamii yenye mizani yake ya uovu. Kwa Abagusii, wenyeji wa huko, wakiwemo wa Nyamarambe katika Mugirango Kusini, mwenendo ulilindwa na chinsoni, yaani kanuni za heshima na kuoneana haya baina ya vizazi, na mke aliyezini aliaminiwa kuleta amasangia, hatari iliyoweza kumuua mumewe akiwa mgonjwa endapo mke huyo angemkaribia kabla ya tambiko la utakaso. Madhara hayo yalitokana na tendo lenyewe, wala hayakungoja nia.

Teolojia, kinyume chake, huipima nia. Kwa Wakatoliki, dhambi huwa ya mauti, yaani yenye kumtenga mtu na neema, pale tu jambo linapokuwa zito na mtendaji akalijua hivyo, kisha akaliridhia kwa hiari. Hata hivyo, ipo dhambi ya asili, iliyotetewa na askofu Augustino (354–430) dhidi ya Pelagio aliyeikana, ambayo ni hali anayozaliwa nayo mtu. Ndiyo maana Wakatoliki hubatiza watoto wachanga. Waadventista hukiri kwamba mwelekeo wa dhambi hurithiwa, lakini humbatiza kwa kumzamisha yule awezaye kuikiri imani mwenyewe.

Pamoja na tofauti hizo, madhehebu yote mawili hufundisha kwamba msamaha wa Mungu haufuti deni kwa jirani: sakramenti ya Kitubio ya Kikatoliki hudai majuto, maungamo na malipizi, naye Ellen White, mwalimu wa Waadventista, aliandika mwaka 1892 kwamba aliyemkosea mtu aungame kwa mtu huyo. Kwa hiyo aliyesogeza mpaka wa shamba la nduguye, awe Mkatoliki au Msabato, toba yake haijakamilika mpaka aurudishe mahali pake.