Goti la Mwenye Kusali

Katika nyumba zetu za pwani, goti likiteguka mtu wa kwanza kuitwa huwa ni mkandaji. Hatumlaumu; ana mkono wake. Lakini lipo jeraha lisilofaa kukandwa: kukatika kwa ligamenti ya mbele ya goti, ile inayopitana na mwenzake mfano wa mkasi na kuuzuia muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Mchezaji hugeuka ghafla, au hutua vibaya baada ya kuruka, husikia mlio, na goti huvimba kwa saa chache. Mabinti wanaocheza kandanda na netiboli wamo hatarini kuliko ndugu zao wa kiume. Uvimbe ukishapoa goti huonekana limepona, kisha siku moja hulegea ghafla ngazini. Kila linapolegea hivyo, gegedu zilizomo ndani nazo huweza kuchanika.

Ligamenti hiyo ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi. Daktari wa upasuaji huunda nyingine kwa kano ya mgonjwa mwenyewe: hutoboa njia katika mifupa miwili, akaipitisha kano humo, akaikaza kwa skrubu au kifungo kidogo. Kwa kuwa kano ni ya mwili wake, suala la viungo vya maiti, ambalo huwatia shaka baadhi ya wazee wetu, haliingii.

Hapa ndipo tunapowaomba wazazi watue kidogo. Kano huchukuliwa wapi? Madaktari wengine huchukua theluthi ya kati ya kano iliyo chini ya pia ya goti, pamoja na vipande vidogo vya mfupa. Hushika imara, lakini baadhi ya wagonjwa hubaki na maumivu kila wanapopiga magoti. Wengine huchukua kano za nyuma ya paja. Maumivu hayo huwa haba, ingawa nguvu ya kukunja goti hupungua kiasi. Rakaa 17 za faradhi zina sijida 34 kila siku, mbali na sunna. Basi daktari aambiwe mapema kwamba mgonjwa husali, na aulizwe atatumia kano ipi na kwa nini.

Baada ya upasuaji kano hudhoofika kwanza, mpaka mishipa ya damu iiingie. Ndiyo maana tunamhofia zaidi yule asiyehisi maumivu, akaacha mazoezi ya viungo na kukimbilia uwanjani kabla ya miezi 9.

Sala haisimami. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Huswayn asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Awezaye kusimama na asimame, sijida aifanye kwa ishara akiwa kitini. Kikao cha tahiyatu juu ya miguu kingoje ruhusa ya mtaalamu wa mazoezi, kwani kukunja goti kikamilifu huwa miongoni mwa mambo ya mwisho kurejea.